Milango ya Potasiamu na Uhai wa Moyo: Tufundishe Muda na Ushahidi

Katika vitabu vingi vya elimuviumbe, mitokondria huelezwa kwa sentensi chache. Mwanafunzi huambiwa kuwa hicho ndicho kinu cha nishati ya seli. Huchora umbo lake lifananalo na punje ya haragwe, huonyesha utando wa nje na utando wa ndani wenye mikunjo, kisha hugeuza ukurasa. Maelezo hayo si ya uongo. Hata hivyo yamebakia nyuma ya elimu ya leo, kwani kwa zaidi ya miaka thelathini sasa imekuwa dhahiri kwamba mitokondria haitengenezi nishati tu, bali hushiriki pia katika kuamua kama seli itaishi au itakufa wakati wa dhiki.

Mfano bora wa jambo hilo unapatikana katika msuli wa moyo. Humo kuna milango midogo sana ya potasiamu ambayo, ikifunguka kwa wakati ufaao, huisaidia seli kustahimili ukosefu wa damu kwa muda mrefu zaidi. Habari ya milango hiyo imewashughulisha wataalamu wa Marekani, Japani, Uingereza, Italia na kwingineko tangu miaka ya 1980. Imeleta matumaini makubwa, na baadhi ya matumaini hayo yamevunjika. Makala haya yanakusudia kuieleza habari hiyo kwa ufupi, na kutoa maoni kwamba yafaa ifundishwe katika shule zetu za sekondari, si kama ahadi ya dawa mpya, bali kama somo juu ya mambo mawili: thamani ya muda, na namna ya kupima ushahidi.

Moyo na mahitaji yake

Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Kila pigo lahitaji nishati, na nishati hiyo hutolewa na kemikali iitwayo ATP. Akiba ya ATP iliyomo katika seli za moyo ni ndogo mno. Isipotengenezwa upya mfululizo, yatosha kwa sekunde chache tu. Ndiyo sababu mitokondria ni nyingi sana katika seli hizo, hata zikachukua karibu theluthi moja ya nafasi yote iliyomo.

Ijapokuwa moyo hujaa damu saa zote, ukuta wake haupati oksijeni ya kutosha kutokana na damu ipitayo katika vyumba vyake. Una ateri zake wenyewe zinazoulisha. Ateri mojawapo ikizibwa na damu iliyoganda, sehemu ya msuli inayoitegemea huacha kujikunja baada ya muda mfupi sana. Asidi hurundikana, ATP hupungua, na uwiano wa ioni za sodiamu na kalsiamu ndani ya seli huvurugika. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba seli hazifi zote mara moja. Mwaka 1977, K. A. Reimer na R. B. Jennings wa Marekani walionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba kifo huanzia tabaka la ndani la ukuta wa moyo, kisha huenea polepole kuelekea tabaka la nje kwa muda wa saa kadhaa. Kwa hiyo kati ya kuzibwa kwa mshipa na kufa kwa msuli wote unaoutegemea kuna muda. Habari yote itakayofuata yahusu muda huo.

Jaribio la mwaka 1986

Mwaka 1986, Reimer na Jennings, pamoja na C. E. Murry, walitangaza jaribio lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina. Waliwagawa mbwa katika makundi mawili. Katika kundi la kwanza, ateri moja ya moyo ilifungwa kwa dakika 40 mfululizo, kisha ikafunguliwa. Katika kundi la pili, ateri hiyo hiyo ilifungwa kwanza mara nne, kila mara kwa dakika 5, na kila baada ya kufungwa iliachwa wazi kwa dakika 5. Ndipo ikafungwa kwa dakika 40 kama katika kundi la kwanza.

Msomaji na afanye hesabu. Moyo wa mbwa wa kundi la kwanza ulikosa damu kwa dakika 40. Ule wa kundi la pili ulikosa damu kwa dakika 60 zikijumlishwa zote. Mtu yeyote angetazamia kuwa kundi la pili ndilo lililoumia zaidi. Lakini ilionekana kinyume chake: sehemu ya msuli iliyokufa katika kundi la pili ilikuwa robo tu ya ile iliyokufa katika kundi la kwanza. Vipindi vifupi vya dhiki vilikuwa vimeutayarisha moyo kwa dhiki kubwa. Tangu hapo tendo hilo limeitwa utayarisho wa moyo.

Watafiti hao hawakuishia hapo, na sehemu ya pili ya jaribio lao haitajwi mara nyingi. Walirudia kazi hiyo, lakini safari hii ateri ilifungwa kwa saa 3. Faida yote ilitoweka; makundi mawili yalilingana. Maana yake ni kwamba utayarisho ulikichelewesha kifo cha seli, lakini haukukizuia. Mshipa usipofunguliwa, kinga hiyo haisaidii kitu. Baadaye, mwaka 1993, ilijulikana pia kwamba kinga hiyo hufifia baada ya saa moja au mbili, kisha hurudi kwa namna dhaifu zaidi kesho yake.

Ishara, mlango na potasiamu

Seli ilijuaje kwamba dhiki inakuja? Swali hilo liliwaongoza wataalamu kuchunguza namna sehemu za seli zinavyopashana habari.

Hatua ya kwanza ilijulikana mwaka 1991. ATP inapovunjwa bila kutengenezwa upya, mabaki yake huwa adenosini. Adenosini hutoka nje ya seli na kushikamana na vipokezi vilivyo juu ya utando wa seli hiyo hiyo au ya jirani. Kipokezi kikishikwa, huamsha vimeng'enya vilivyomo ndani, hasa kile kiitwacho protini kinasi C. Basi mabaki ya nishati iliyotumika huwa yenyewe ndiyo ishara ya hatari.

Ishara hiyo huelekea wapi? Hapo ndipo inapoingia habari ya potasiamu. Mwaka 1983, A. Noma wa Japani alikuwa ameonyesha kwamba juu ya utando wa nje wa seli za moyo kuna protini zilizo kama milango, zinazopitisha ioni za potasiamu. ATP ikiwa nyingi, milango hiyo hufungwa. ATP ikipungua, hufunguka. Mwaka 1991 wataalamu wengine wa Japani waliugundua mlango wa aina hiyo mahali ambapo haukutazamiwa: katika utando wa ndani wa mitokondria za ini la panya.

Ili kuelewa umuhimu wa jambo hilo, hatuna budi kukumbuka kazi ya Mwingereza Peter Mitchell, aliyoitangaza mwaka 1961 na ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978. Mitchell alieleza kwamba mitokondria, inapotumia oksijeni, husukuma protoni kutoka ndani ya utando wa ndani kwenda nje yake. Kwa hiyo upande wa ndani huwa na chaji hasi na upande wa nje huwa na chaji chanya, na tofauti ya umeme kati ya pande hizo hufikia kiasi cha milivolti 180. Protoni zinaporudi ndani kwa kupitia kimeng'enya maalumu, nguvu yake hutumika kutengeneza ATP.

Sasa tufikiri. Potasiamu ni ioni yenye chaji chanya, nayo imejaa tele katika maji ya seli. Upande wa ndani wa mitokondria una chaji hasi. Mlango ukifunguliwa, potasiamu itavutwa ndani, na maji yatafuata. Endapo ingeingia bila mpaka, mitokondria ingevimba na kupasuka. Lakini iko protini nyingine inayoitoa potasiamu kwa kubadilishana na protoni. Ufunguzi mdogo wa mlango huleta basi mabadiliko madogo: ndani huvimba kidogo, tofauti ya umeme hupungua kidogo, na chembe kali za oksijeni huzalishwa kwa kiasi kidogo. Kiasi hicho hakiui seli, bali huwa ishara nyingine inayoviamsha zaidi vimeng'enya vya kinga.

Mwisho wa mlolongo huo ni kuzuia hatari iliyo kubwa kuliko zote. Katika utando wa ndani wa mitokondria kuna tundu kubwa ambalo kwa kawaida limefungwa. Damu inaporudi ghafla baada ya kukosekana, kalsiamu na chembe kali za oksijeni humiminika pamoja, tundu hilo hufunguka, tofauti ya umeme huangamia, na mitokondria badala ya kuzalisha ATP huanza kuiteketeza ile iliyosalia. Hapo seli hufa katika dakika zile zile ilipopata damu tena. Inaaminika kwamba kazi ya mlolongo wote wa kinga, tangu adenosini hadi mlango wa potasiamu, ni kulifanya tundu hilo libaki limefungwa wakati damu inaporejea.

Mashahidi wawili wenye kasoro

Hadi hapa maelezo yanapendeza, na mwalimu angeweza kuyaandika ubaoni na kumaliza kipindi. Lakini yafaa mwanafunzi aulize: je, tumejuaje?

Mwaka 1992 G. J. Gross na J. A. Auchampach walionyesha kwamba mbwa wakipewa glibenklamidi, dawa inayofunga milango ya potasiamu, utayarisho haufanyi kazi. Kwanza ilidhaniwa kwamba mlango unaohusika ni ule wa Noma, ulio juu ya seli. Kisha mwaka 1997 K. D. Garlid na wenzake walitumia dawa iitwayo diazoksidi katika mioyo ya panya. Kiasi walichotumia kilitosha kuufungua mlango wa mitokondria lakini kilikuwa kidogo mno kuweza kuufungua ule wa juu. Mioyo ilipata kinga. Walipoongeza dawa nyingine, hidroksidekanoati, inayosemekana kuufunga mlango wa mitokondria peke yake, kinga ilitoweka. Hitimisho likawa kwamba mlango wa mitokondria ndio unaokinga.

Kwa miaka mingi hoja hiyo ilisimama juu ya mashahidi hao wawili, diazoksidi na hidroksidekanoati. Na mashahidi wote wawili walionekana kuwa na kasoro. Diazoksidi hupunguza pia kazi ya kimeng'enya kimojawapo cha mzunguko wa Krebs. Hidroksidekanoati nayo hufanana na asidi za mafuta, na mitokondria huweza kuichoma kama chakula. Tena, mwaka 2002, watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila mlango ule wa juu hawapati faida ya utayarisho. Lakini wengine walijibu kwamba moyo wa panya mdogo, unaopiga zaidi ya mara 500 kwa dakika, huenda ukautegemea mlango wa juu kuliko moyo wa mbwa au wa binadamu.

Kilichokosekana hasa ni mlango wenyewe. Kila mtu alizungumza juu ya protini ambayo hakuna aliyekuwa ameitenga na kujua imeandikwa katika jeni gani. Wapo waliosema kwa haki kabisa kwamba pengine haipo. Ilikuwa mwaka 2019 ambapo watafiti wa Padova, Italia, walitangaza protini mbili zinazoungana kufanya mlango huo: moja hupitisha potasiamu, na nyingine huhisi ATP. Walipoiondoa jeni ya ile ya kwanza katika panya, diazoksidi haikuweza tena kuukinga moyo. Kutoka 1991 hadi 2019 ni miaka 28. Hata sasa isidhaniwe kwamba ubishi umekwisha, kwani iko milango mingine ya potasiamu katika utando huo huo, mathalani ule unaofunguliwa na kalsiamu, ulioelezwa mwaka 2002, na mchango wa kila mmoja bado unachunguzwa.

Kutoka maabara hadi wodini

Iwapo moyo hujikinga hivi, kwa nini hospitali hazitoi kinga hiyo kwa kila mgonjwa? Haikuwa kwa kukosa kujaribu. Mwaka 1993 iligunduliwa katika mbwa kwamba kufunga tawi moja la ateri ya moyo hukinga hata sehemu inayolishwa na tawi jingine. Baadaye ikaonekana kwamba si lazima kuugusa moyo. Kuukaza mkono kwa mkanda wa kupimia shinikizo la damu, dakika 5 kwa dakika 5, kuliwakinga wanyama, na katika majaribio madogo ya watu kulionyesha dalili njema. Hapakuwa na njia iliyo rahisi na ya bei nafuu kuliko hiyo.

Ndipo yalipofanyika majaribio makubwa. Mwaka 2015 yalitangazwa mawili, moja la Uingereza na moja la Ujerumani, kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Hakukuwa na faida. Mwaka 2019 lilitangazwa jingine lililohusisha wagonjwa zaidi ya 5,000 wa shambulio la moyo katika Uingereza, Denmark, Hispania na Serbia. Baada ya miezi 12, vifo na kulazwa kwa ajili ya moyo kushindwa kazi vililingana kati ya waliokazwa mkono na wasiokazwa.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Mbwa wa mwaka 1986 walikuwa wazima. Wagonjwa wa mwaka 2019 wengi walikuwa watu wa makamo na wazee, baadhi yao wenye kisukari au shinikizo la damu, wakitumia dawa nyingi, na mishipa yao ilifunguliwa upesi kwa ustadi mkubwa. Pengine hapakubakia nafasi kubwa ya kinga kuonekana. Pengine pia seli zilizougua muda mrefu hazizisikii ishara kama seli changa. Ipo dawa moja ifunguayo milango ya potasiamu, nikorandili, ambayo katika jaribio la Uingereza la mwaka 2002 iliwapunguzia matukio mabaya wagonjwa wenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Lakini nikorandili hupanua pia mishipa ya damu kwa njia nyingine, kwa hiyo haiwezi kuwa ushahidi wa mlango wa mitokondria peke yake.

Sasa turudi kwenye mwaka 1986. Mwaka huo huo jaribio la mbwa lilipochapishwa, madaktari wa Italia walitangaza matokeo ya wagonjwa zaidi ya 11,000 wa shambulio la moyo, ambao nusu yao walipewa streptokinasi, dawa inayoyeyusha damu iliyoganda. Katika siku 21, vifo vilikuwa asilimia 13 kwa wasiopewa na asilimia 10.7 kwa waliopewa. Wale waliopewa ndani ya saa moja tangu maumivu kuanza, vifo vyao vilipungua karibu nusu. Waliopewa baada ya saa 6 hawakuonyesha faida ya wazi. Mwaka 1988 jaribio jingine, lililohusu wagonjwa zaidi ya 17,000, lilionyesha kwamba hata aspirini, dawa ya bei ndogo kabisa, ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 hivi katika wiki 5.

Mbwa wa Duke na wagonjwa wa Italia walisema jambo moja kwa lugha mbili. Msuli wa moyo hufa kwa saa, na kinachouokoa ni kufunguliwa kwa mshipa mapema. Kinga ya potasiamu, hata ikithibitika kikamilifu, kazi yake ni kuongeza muda wa kusubiri. Katika nchi zetu ambako mgonjwa wa Kigoma au Sumbawanga yuko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, muda wa kusubiri si jambo dogo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, elimu ya kwanza kwa umma ni kwamba maumivu makali ya kifua yasiyokoma hayangoji asubuhi, wala hayatulizwi nyumbani kwa dawa ya tumbo.

Kidonge cha kisukari

Kuna upande mwingine wa habari hii unaogusa nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Glibenklamidi, ile dawa iliyofuta kinga katika mbwa, ni kidonge cha kisukari kinachojulikana sana kwetu. Kazi yake katika kongosho ni kufunga milango ya potasiamu iliyo ya ukoo mmoja na ile ya moyo. Milango hiyo ikifungwa, insulini hutolewa. Mwaka 1994 madaktari wa Italia walionyesha kwamba kidonge hicho huweza kuufuta utayarisho hata katika moyo wa binadamu, wakati ateri inapopanuliwa kwa puto.

Je, wagonjwa wa kisukari wavitupe vidonge vyao? La hasha. Sukari isiyotawaliwa huharibu moyo, figo na macho, na hilo lina ushahidi mwingi. Hofu juu ya dawa za ukoo huo ilianza mwaka 1970 kwa uchunguzi mmoja wa Marekani, na ubishi uliendelea kwa miongo. Mwaka 2019 jaribio la wagonjwa zaidi ya 6,000 lililinganisha glimepiridi, dawa ya ukoo huo huo, na dawa ya aina nyingine. Maradhi ya moyo hayakuwa mengi zaidi kwa waliotumia glimepiridi. Jibu hilo lahusu glimepiridi, na kuchagua dawa ifaayo ni kazi ya daktari. Funzo kwetu ni kwamba maabara huuliza swali, na wagonjwa waliochunguzwa kwa utaratibu ndio hutoa jibu. Asiyeijua tofauti hiyo ataacha dawa yenye manufaa kwa kusikia nusu ya habari, au atanunua dawa isiyo na manufaa kwa kusikia nusu nyingine.

Pendekezo kwa walimu

Huenda baadhi ya walimu wakasema kwamba mambo haya ni ya chuo kikuu. Mwandishi hakubaliani nao. Ili kuyafuata, mwanafunzi ahitaji kujua utando, ioni, chaji, mtawanyiko wa molekuli na maana ya kundi la kulinganishia. Yote hayo hufundishwa katika sekondari. Majina ya vimeng'enya yanaweza kuachwa kabisa.

Wengine watasema kwamba muda hautoshi na mtihani hauulizi. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu mwalimu hupimwa kwa matokeo ya mtihani. Lakini kipindi kimoja chatosha, nacho kitayaunganisha masomo ambayo mwanafunzi huyaona yametengana: upumuaji wa seli, osmosisi, umeme na mzunguko wa damu.

Kwa sehemu ya vitendo, vipande vya kiazi katika maji na katika maji ya chumvi vyaonyesha jinsi maji yanavyofuata chumvi, na kwa nini potasiamu ikiingia mitokondria huvimba. Kwa sehemu ya kufikiri, mwalimu na achore ubaoni makundi manne ya mioyo ya panya iliyonyimwa damu: la kwanza halikupewa dawa, la pili lilipewa dawa ya kufungua mlango, la tatu lilipewa ya kufungua pamoja na ya kufunga, la nne lilipewa ya kufunga peke yake. Wanafunzi watabiri matokeo. Kisha waulizwe: kundi la nne lina kazi gani? Ikiwa dawa ya kufungua ina tendo jingine la siri, matokeo yatabadilikaje? Jaribio la mwaka 2019, la panya wasio na jeni, linaongeza nini ambacho dawa hazikuweza kukionyesha? Na mwisho: kwa nini kilichofaulu kwa mbwa wazima hakikufaulu kwa wagonjwa 5,000?

Mwanafunzi aliyejibu maswali hayo atakuwa amejifunza zaidi ya mitokondria. Kesho akisikia redioni kwamba majani fulani yamethibitishwa kuutibu moyo, atauliza: yalijaribiwa kwa nani, yalilinganishwa na nini, na walioyatumia waliishi muda gani? Maswali hayo hayahitaji maabara yenye vyombo vya thamani.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa moyo, kinga iliyothibitika ni ile ile ya siku zote: kuacha tumbaku, kutawala shinikizo la damu na sukari, kuupa mwili kazi, na kuwahi hospitali. Kinga ya potasiamu bado imo katika safari kutoka maabara kwenda wodini, na yawezekana miongoni mwa vijana walio madarasani leo wapo watakaoiendeleza. Ni wajibu wa walimu na watunga mitaala kuwaandaa kwa kuwafundisha sayansi pamoja na mashaka yake, na siyo majibu yake peke yake.